Kualikwa Diwali Kuna Adabu Zake

Ndugu zangu wa Bondeni, nyinyi ndio watu wa heshima. Idd ikiingia, jirani Mhindi hupelekewa sahani ya kaimati, wala haitiwi nyama kwa sababu mwajua hali nyama. Sasa imekuwaje heshima hiyo iwapotee mkialikwa kwake Diwali?

Baina ya Oktoba na Novemba, usiku wa giza la mwezi, Wahindu na Wajaini huwasha taa za udongo vizingitini, wakapamba sakafu kwa unga wa rangi. Mwenzetu huingia akalivuruga kwa mguu pambo lililomkalisha mama wa watu chini mchana kutwa. Huwaelekezea simu watu walio katika ibada. Kisha, ladu na chevda zikiwa bado mdomoni, hutoka akinena: baniani mbaya, kiatu chake dawa. Haya iko wapi?

Na hicho kiatu! Hekalu la Wajaini la Langoni, lililojengwa 1963, haliingiwi na viatu, wala mkanda wala mkoba wa ngozi, kwani dini yao yakataza kudhuru chenye roho. Sisi tuvuao viatu msikitini mara tano kwa siku, tufundishwe hilo na bawabu? Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Simwambii mtu akaabudu wasichoabudu Waislamu. Hata wao hawatuombi hivyo. Lakini Jibrili alimuusia Mtume wetu juu ya jirani hata akadhani jirani atarithishwa, wala hakuambiwa jirani wa dini gani.

Wapo pia waendao dukani siku hiyohiyo ya Diwali kukopa. Jamani! Ndiyo siku ambayo wafanyabiashara wa Kigujarati huviombea baraka vitabu vipya vya hesabu. Mnataka ukurasa wa kwanza uandikwe deni lenu? Nendeni mkawape mkono wa heri, mketi, mle, muulize hali za wazee. Heshima si utumwa.

Na fataki, siwezi kuzinyamazia. Si za Diwali tu. Za Idd na za mwaka mpya ni zilezile. Katika vichochoro vyetu vyembamba mlipuko mmoja humwamsha mgonjwa na kumliza mtoto mchanga nyumba kumi. Enyi wenye maduka, Waislamu kwa Wahindi, mnaowauzia watoto baruti, mcheni Mungu. Na wazee wa mtaa wakawakanye kabla ya Diwali hii, wasingoje mtoto apofuke.