Waini ya meza kuu na kasumba yetu

Najua nimeadimika. Shifti za usiku hapa Sacramento zimenibana, mgonjwa mmoja akitulia mwingine anabonyeza kengele. Lakini leo silali mpaka nitoe dukuduku langu.

Mnajua mdogo wangu anaoa. Kamati ya harusi imenitumia bajeti, na mimi mtu wa ng'ambo nikapangiwa fungu langu: "Waini nyekundu ya meza kuu, Bordeaux au Cabernet, siyo ya Dodoma." Harusi yenyewe inafanyika wapi? Dodoma! Na mama mdogo ana ekari mbili za mizabibu Hombolo. Msimu uliopita zabibu zilimwozea kwa kukosa mnunuzi. Jamani! Hela nitatoa, ila chupa hizo sinunui, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, kamati haijui inachoagiza. Bordeaux siyo zabibu, ni mahali Ufaransa. Wafaransa wengi huandika mahali kwenye chupa, huku Marekani huandikwa aina ya zabibu. Ndani ya Bordeaux nyekundu mara nyingi mna Cabernet Sauvignon na Merlot zilizochanganywa. Cabernet ina ganda nene na inachelewa kuiva, ndiyo maana ina ule ukakasi unaokamata ulimi kama ndizi mbichi. Merlot inawahi kuiva na ni laini zaidi. Pinot Noir ya Burgundy ina ganda jembamba na haipendi joto. Kila zabibu na kwao.

Sisi manesi tulifundishwa kusoma jina la dawa, siyo kutazama uzuri wa boksi. Panadol na paracetamol ni dawa moja. Vivyo hivyo Syrah ya bonde la Rhône, Ufaransa, na Shiraz ya Barossa, Australia, ni zabibu ile ile yenye harufu ya pilipili manga. Na Syrah hiyo hiyo inalimwa Dodoma! Mjomba, shikamoo, na usinune: ulipoikataa ulikataa zabibu au ulikataa jina la kwetu?

Pili, hao mnaowaabudu nao walidharauliwa. Mwaka 1976, huko Paris, majaji Wafaransa walionjeshwa waini bila kuona chupa. Nyekundu iliyoshinda ilikuwa Cabernet ya mwaka 1973 ya Stag's Leap Wine Cellars, kutoka Napa, California. Iliwashinda Bordeaux wenyewe! Malbec nayo ilitoka kusini magharibi mwa Ufaransa, lakini sifa kubwa imeipata Mendoza, Argentina, chini ya milima ya Andes. Afrika Kusini hawakungoja ruhusa ya mtu: mwaka 1925 Profesa Abraham Perold alichanganya Pinot Noir na Cinsault pale Stellenbosch, ikazaliwa Pinotage.

Na hapa Lodi, chini ya saa moja kutoka kwangu, kuna mashamba ya Zinfandel yenye mashina ya zamani sana. Wamarekani waliringa nayo miaka mingi kuwa ni yao, mpaka mwaka 2001 vipimo vya vinasaba vilipoonyesha kuwa ni Crljenak Kaštelanski ya pwani ya Croatia. Kumbe mhamiaji kama mimi! Hakuna aliyeing'oa. Waliitunza, wakainywa, wakaipa jina. Sisi yetu tunaificha wageni wakija.

Tatu, sisemi ya kwetu haina kasoro. Dodoma kuna jua kali na kiangazi kirefu, na zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Joto hujaza sukari upesi na kupunguza uchachu. Ukichelewa kuvuna unapata waini nzito isiyochangamka. Halafu muuzaji anaianika chupa juani kando ya barabara! Hata Bordeaux ukiianika hivyo itaharibika. Lakini niambieni, mkulima asiye na uhakika wa mnunuzi atavuna siku inayotakiwa kwa moyo gani? Kasoro hizo hazitaisha kwa kumkimbia mama mdogo.

Mjomba aliniambia ya Dodoma inaumiza kichwa. Kichwa kinauma kwa wingi wa pombe, mjomba, siyo kwa nchi iliyoandikwa kwenye chupa. Na ile habari yako ya "nyekundu ni dawa ya moyo", naomba uiache. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Anayekunywa anywe kidogo, akijua anakunywa pombe. Asinitajie dawa.

Basi kamati, msimamo wangu ni huu. Fungu langu litanunua Makutupora nyekundu na Syrah ya Dodoma, kwa mtengenezaji anayenunua zabibu za Hombolo. Chupa zikae kivulini mpaka siku yenyewe. Na mkitaka kubishana, chukueni chupa moja ya Ufaransa, zote mzifunge kanga, mumwonjeshe mjomba kama walivyofanya Paris. Akizitambua zote bila kukosea, Bordeaux nitanunua mimi, na nitamwomba radhi mbele ya wageni.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Haya, nakimbilia shifti. Msalimieni mama mdogo, mwambieni msimu huu asikate tamaa.