MFUKO WA NYUMBANI: Feza ya kurudi inahesabiwa kwanza



Kijana mmoja wa kuchimba dhahabu anatuuliza: «Bibi yangu na watoto wawili wako Yahuma. Wakati wa Noeli nataka tukae wote siku 5 Kisangani. Sitaki kuishi kama patron, lakini sitaki pia watoto walale bandarini. Nipange feza ginsi gani?»

Ulizo zuri. Wengi wetu tunahesabu feza ya kwenda tu. Mimi pia nilifanya vile. Siku ya ine mfuko ulikuwa mtupu. Niliuza kinga yangu kwa bei ya kutupa, na mtoto wa sekondari akakosa minerval. Basi ndugu, ukate feza yako sehemu 10.

Sehemu 2 za kwenda, sehemu 2 za kurudi. Zile za kurudi mama azishone ndani ya kitambaa. Hakuna wa kuzigusa, hata baba! Toka Yahuma wanashuka kwa pikipiki mpaka mtoni, kwa mfano Lokutu, kisha balenyeri inapanda: Isangi, Yangambi, Kisangani. Kupanda mto kunakawia kuliko kushuka, na moteri inaweza kuharibika. Wabebe chikwange na makayabo ya siku 2 zaidi. Masua iliyojaa kupita kipimo, waiache iende. Mwezi wa 4, mwaka 2025, masua HB Kongolo iliwaka moto karibu na Mbandaka kwa sababu ya jiko la kupikia, watu wengi wakafa. Hapo usitafute bei ya chini.

Sehemu 3 za kulala na kula. Tafuta nyumba ya wageni ya misioni. Uliza bei mbele ya kutua mizigo: ni ya chumba ao ya kila kichwa? Kuleni malewa mara moja kwa siku, ingine mama apike. Mukilala kwa ndugu, musifike mikono mitupu: mchele na mafuta ya ngazi toka Yahuma ni sehemu ya hesabu.

Sehemu 1 ya kutembea. Patana na mtu wa pikipiki mbele ya kupanda. Onyesha watoto wavuvi Wagenia na mitego yao kwenye maporomoko. Watakuomba kitu, ukiweke tayari. Kuomba katika kanisa kubwa Notre-Dame du Rosaire, kando ya mto, ni bure.

Sehemu 1 ya kununua vitu. Sehemu 1 ya hatari, maana malaria haichagui siku. Isipotumika, inarudi nyumbani.

Tena, angalia dola zako: iliyopasuka hata kidogo wanaikataa. Badilisha ya siku ile tu.

Na kama sehemu 10 hazitoshi? Punguza siku, usipunguze feza ya kurudi. Siku 3 za furaha zapita siku 5 na deni. Bwana alifundisha juu ya mtu wa kujenga mnara: anakaa kwanza, anahesabu (Luka 14). Wewe pia kaa, lakini usikae peke yako. Hesabu pamoja na bibi yako.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:
1. Kwetu, nani anajua feza ya safari ni ngapi?
2. Safari yetu ya mwisho ilituachia nini: furaha ao deni?