TUZUNGUMUZE: Kelele ya Siku Tatu

Mara hii tunazungumuza juu ya ulizo ambalo vijana wa kikundi kimoja cha hapa Kalemie walituletea. Wanauliza hivi: wakati muji uko na shida, ni nini inafanya watu waione? Ni skandali, ile mambo mubaya inayotokea siku moja na kila mutu anaisema sokoni? Ao ni mutu mwenye moyo wa kutengeneza, anayeifanyia kazi mwaka kwa mwaka? Mumoja wao aliongeza: "Wenye kusema pole pole hakuna anawasikia. Mupaka mutu akufe."

Neno hilo ni kali, lakini si uongo. Munakumbuka Disemba 2014, wakati mashua Mutambala ilizama katika ziwa letu na watu zaidi ya 120 wakapoteza maisha. Siku zile kila kinywa kilisema juu ya mashua zinazopakia kupita kipimo. Je, mbele ya siku ile nani hakujua? Kila mama anayesafiri na magunia ya unga na ndagala alijua, sababu aliketi juu ya magunia yenyewe, mutoto mugongoni, akiangalia maji yako karibu na ukingo. Alijua, tena alisema. Lakini maneno ya mama wa soko hayaandikwi katika gazeti.

Basi kijana wetu ameshinda? Tusikimbie. Historia ya muji huu ina kitu cha kutuambia.

Livingstone alizunguka katika inchi zetu miaka mingi, akiandika juu ya biashara ya watumwa. Huko Uingereza watu walisoma, wakasikitika, wakalala. Halafu tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kule Lualaba, siku ya soko. Watu wa wafanyabiashara wa watumwa wakaanza kupiga bunduki katikati ya wanawake waliokuja kuuza. Wengi walijitupa mutoni wakazama. Livingstone aliandika kwamba wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kati ya 330 na 400. Barua zake zilifika Ulaya katika 1872, na watu wakakasirika kweli. Katika Juni 1873, Sultani Barghash wa Zanzibar alilazimishwa kutia sahihi mapatano, na soko la watumwa la kule likafungwa.

Hapo mutasema: munaona, ni skandali! Ndiyo. Lakini angalieni ziwa letu. Soko la Zanzibar lilifungwa, na huku Ujiji na ngambo yetu watu waliendelea kufungwa minyororo karibu miaka 20 ingine. Kelele ilifika Zanzibar, haikupanda mupaka huku. Ilihitaji Kardinali Lavigerie azunguke katika 1888, Paris, London, Brussels, akisema neno moja lile lile katika kila kanisa, mupaka vyama vya kupinga utumwa vikaanza. Chama cha Wabelgiji kilimutuma Kapiteni Jacques, naye katika 1891 akajenga boma hapa. Aliliita Albertville. Ndiyo Kalemie yetu.

Lakini kuna uchungu ndani ya habari hii. Mufalme Leopold wa Pili, aliyewakaribisha wakubwa wa Ulaya Brussels katika 1889 na 1890 ili wazungumuze namna ya kumaliza utumwa, ndiye huyo huyo aliyekuwa anafungulia Kongo mateso ya mupira. Alijua kusema kama mutu wa kutengeneza. Vijana, mushike hii: si kila anayesema juu ya shida ya watu anataka iishe.

Na nani alimufunua? Wa kwanza alikuwa Mumarekani mweusi, George Washington Williams. Katika 1890 alipanda muto mupaka Stanley Falls, Kisangani ya leo, akaandika barua ya wazi kwa mufalme, akitaja makosa moja moja. Kukakuwa kelele kidogo katika magazeti, watu wa mufalme wakamuchafulia jina, naye akafa katika 1891. Habari ikafunikwa.

Kisha William Sheppard, muhubiri mweusi wa Presbiteriani kutoka Marekani, alikuwa anafanya kazi Kasai. Katika 1899 alifika katika kambi ya askari waliotumwa kukusanya kodi, akaona mikono ya watu imewekwa juu ya moto ikaushwe. Hakupiga kelele. Alihesabu. Mikono 81, yote ya kuume. Akaandika. Miaka kumi nyuma yake, katika 1909, kompani ya mupira ilimupeleka mahakamani Léopoldville, na ikashindwa.

Na katika 1904, kule Baringa, mama Alice Harris, misionere Mwingereza, alipiga foto ya baba mumoja jina lake Nsala. Ameketi kwenye baraza, anaangalia mukono na muguu wa binti yake mudogo, vilivyokatwa na walinzi wa kompani ya mupira. Foto ile ilionyeshwa katika makanisa na majumba ya Uingereza na Marekani, kubwa kama ukuta. Mwaka ule ule Roger Casement alitoa maandiko yake ya uchunguzi, na Morel akaanzisha chama chake. Katika 1908 Leopold alilazimika kuachilia Kongo.

Kuanzia barua ya Williams mupaka 1908 ni miaka 18. Kwa maoni yetu, foto ilifanya kile barua haikuweza: iliwanyima watu nafasi ya kusema "hatukujua". Lakini kama foto ingekuwa peke yake, mufalme angesema ni uongo, kama alivyosema juu ya mengine. Alishindwa sababu nyuma ya foto kulikuwa hesabu: majina, vijiji, tarehe, mikono 81. Skandali ilivunja mulango, na waliokuwa wanahesabu ndio walikuwa na kitu cha kuingiza ndani.

(Hata fuvu la kichwa cha chifu Lusinga wa Watabwa ni vile. Aliuawa katika 1884 na watu wa Storms, yule Mubelgiji wa Mpala, na kichwa kikapelekwa Ubelgiji. Profesa Allen Roberts alitoa kitabu kizima juu yake katika 2013. Waliokisoma ni wachache. Gazeti moja la Ubelgiji liliandika katika 2018, na katika 2022 sanamu ya Storms ikaondolewa katika uwanja wake Brussels.)

Tuje kwa mambo ya mashimo, sababu wengi wenu munakula kwa kazi ile. Katika Januari 2016, Amnesty International pamoja na Afrewatch ya Lubumbashi walitoa uchunguzi juu ya kobalti ya Kongo: watoto wanaokota, wanaosha na kubeba mawe yanayoingia katika simu za dunia nzima. Ikawa skandali kubwa. Kompani za mbali zikaona haya. Na zilifanya nini? Katika 1917 ya babu zetu zingekaa kimya. Katika 2017, Apple ilisema imesimamisha kwanza kununua kobalti iliyochimbwa kwa mikono. Huko Ulaya watu wakafurahi. Lakini mutoto aliyekuwa anaosha mawe ili alipe masomo, kesho yake alikula nini? Ulizo hilo halikuandikwa kwa herufi kubwa.

Mbele ya kelele ile, Masista wa Bon Pasteur walikuwa wamekwisha kuanza kazi Kolwezi, pamoja na Sista Catherine Mutindi, mwenyeji wa Kenya. Wao walifungulia watoto masomo, na wakawafundisha mama na vijana kazi ingine, kulima na kushona, ili mutoto akitoka shimoni akute sahani mezani. Katika 2019 Sista Catherine alipewa zawadi ya Opus. Watu wengi wa dunia wanajua habari ya kobalti; wanaojua jina lake ni wachache.

Sasa tuingie nyumbani, sababu pale ndipo ulizo linauma. Binti wa miaka 15 anapewa mimba na mutu mukubwa mwenye cheo juu yake. Tumeona njia mbili. Ya kwanza, wazee wanakutana usiku, wanaleta mbuzi na franga, na wanasema: "Tuiache tu, ni aibu kwa famili." Ya pili, mambo inapasuka, na kwa siku tatu muji wote unaimba jina la binti. La binti! Yule mwanaume anahamishwa, anaenda kufundisha ao kutumika pahali pengine, na kule kuko mabinti wengine. Kunyamaza kulimukinga yeye, na kelele pia ilimukinga yeye.

Sheria ya 2006 juu ya makosa ya namna hii inasema wazi kwamba mwenye kuwa chini ya miaka 18 ni mutoto. Hapo mbuzi haimalizi neno. Kwa hiyo wazazi, mbele ya kusema sokoni, mupeleke mutoto kwa munganga siku ile ile, mushike karatasi yake, muandike tarehe, na mupeleke jina la mwanaume kwa wenye kuhukumu. Jina la binti lisitoke nje ya nyumba.

Nanyi vijana mulioleta ulizo, munakaa karibu na bandari. Kamateni daftari moja. Kila mashua inayoondoka: watu wangapi wamepanda, jile za kujiokoa ziko ngapi, mizigo imefika wapi, upepo uko namna gani. Mufanye hivyo miezi mitatu bila kugombana na mutu, kisha mupelekee komiseri wa bandari na wazee wa parokia hesabu yenu. Na sisi mutuletee; tutaiweka katika ukurasa huu.