Mshale Bila Kitenzi

Wiki iliyopita, kwenye semina yetu ya uzamili hapa Morogoro, nilitazama ramani dhana saba. Zote zilipendeza: maduara ya rangi, mishale inayovuka slaidi nzima. Hakuna mshale hata mmoja uliokuwa na kitenzi. Moja kati ya hizo saba ilikuwa yangu.

Nasema wazi: ramani ya namna hiyo ni pambo. Joseph Novak na wenzake walipoibuni mbinu hii Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1972, maneno yaliyoandikwa juu ya mstari ndiyo yaliyobeba maana. Duara, kitenzi, duara: sentensi kamili, ambayo mtu anaweza kuipinga. Sisi tumebakiza maduara na kuitupa sentensi, maana sentensi inatuweka hatarini.

Yangu ilisomeka hivi: "kilimo cha milimani", mshale, "mmomonyoko", mshale, "tope la Mto Ruvu", mto unaoinywesha Dar es Salaam. Mwenzangu akauliza, "Huo mshale wa kwanza unasema nini?" Nikajibu, "Kinasababisha." Akaendelea: "Kilimo cha nani? Kwenye mteremko upi? Na kwa nini analima hapo?" Nikanyamaza. Nilikuwa nimemtia hatiani bibi wa Kiluguru kwa mstari mmoja wa kalamu.

Milima hii imeshaumizwa na mishale ya aina hiyo. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilikuwa na wake: jembe la Mluguru linaharibu udongo, matuta ya ngazi yatauokoa. Watu wakalazimishwa kuchimba. Wakulima walilalamika kwamba matuta yanafukua udongo wa chini usio na rutuba. Hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zikalipuka Matombo, na mpango ukafa.

Wapo wanaosema ramani ni ya kumridhisha msimamizi tu, utafiti wenyewe utakuja baadaye. Hapana. Utafiti unaanzia pale unapokosa kitenzi. Mshale nilioshindwa kuuandikia neno ndio swali langu. Mingine yote nilikuwa nikirudia ya watu.

Basi kabla hujawasilisha, isome ramani yako kwa sauti, kana kwamba aliyeketi mbele yako ndiye anayelima mteremko huo. Ukiona haya, irudie.