Karani Naye Apelekwe Chuoni



Tangu msimu umalizike, kila baraza niendalo nasikia maneno ya namna moja: ati watumishi wa Serikali wanapelekwa mafunzoni mno, wanarudi na mikoba mipya, na sisi tunabaki na foleni yetu ile ile kituoni. Maneno hayo nimeyasema na mimi, tena kwa sauti kubwa. Lakini leo nataka kuyapinga kidogo, kwani naona tunalaumu mahali pasipo kosa. Kumsomesha mtumishi si kosa. Kosa ni kuwa anayesomeshwa aghlabu ni mkubwa, na yule tunayekutana naye dirishani na penye mizani hafundishwi kitu, wala haulizwi anachokihitaji. Jambo hili nililifahamu vizuri nilipokuwa mbali na mikarafuu, katika nchi ya pamba.

Mwezi wa Agosti mwaka 2019 nilikwenda kutazama maonyesho ya Nane Nane katika uwanja wa Nyakabindi, Bariadi, Mkoa wa Simiyu. Maonyesho ya taifa yalifanywa hapo miaka mitatu mfululizo, tangu 2018 mpaka 2020. Kwa mtu wa kisiwani safari yenyewe ni skuli: boti mpaka Dar es Salaam, basi la alfajiri linalofika Shinyanga usiku, kisha asubuhi unapita Maswa hata ufike Bariadi. Huoni mnazi wala mkarafuu. Unaona mbuga, ng'ombe, na pamba. Wenyeji ni Wasukuma, na wao husema hiyo ni nchi ya Ntuzu. Ni watu wa heshima sana, hawakupiti bila ya kukuamkia.

Nilipokelewa na mzee mmoja mkulima, akanionyesha pamba yake mafungu mawili. Hii, akasema, ni safi. Na hii ni fifi. Nikamwambia na sisi kwetu tuna madaraja. Akaniuliza karafuu ikishachumwa hufanywa nini, nikamjibu tunaichambua, yaani tunaitoa makonyo, kisha tunaianika. Akacheka, kwani na wao pamba yao huchambuliwa, ila kuchambua kwao ni kutoa mbegu kiwandani kwa mashine. Neno ni moja, na shida, kama nilivyokuja kuona, nazo ni moja.

Simiyu ni mkoa mchanga. Uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa Mkoa wa Shinyanga, na upande wa Busega ukatolewa Magu, Mkoa wa Mwanza. Wilaya ni tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu; na katika hizo Busega na Itilima zilizaliwa pamoja na mkoa wenyewe. Hesabu ya watu ya mwaka huo ilitoa watu 1,584,157, na ile ya 2022 ikatoa 2,140,497. Basi fikirini, wanachama wenzangu, maana ya jambo hili. Kuanzisha mkoa si kupaka rangi kibao. Yahitajiwa ofisi, wahasibu, mabwana shamba, maofisa ushirika, watendaji wa kata na wa vijiji. Na wengi huingia kazini kabla ya kuonyeshwa kazi yenyewe.

Mwaka ule niliofika, pamba ilikuwa na mashaka. Serikali ilikuwa imetangaza bei ya shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikaanguka, wanunuzi wakasita, na wakulima wengi waliokwisha kupeleka pamba yao katika ghala za vyama vya msingi wakakaa wakingoja fedha. Mzee wangu yule alikuwa mmoja wao. Nilidhani atamlaani mtu. Hakumlaani. Alisema, bei ya dunia hakuna mtu wa Bariadi awezaye kuishika. "Mimi," akasema, "nauliza daftari tu. Kilo zangu zimeandikwa wapi, na nani atakuja kuniambia lini?"

Swali hilo nikalichukua nikampelekea kijana mmoja, ofisa wa wilaya moja katika mkoa ule. Jina lake wala wilaya yake sitaitaja, kwani hakunikosea. Alikuwa kijana msomi na mwema. Akaniambia kwamba chuoni alifundishwa sheria ya vyama, akafundishwa mahesabu, na baada ya kuajiriwa aliwahi kuitwa katika semina moja ya kuandika mpango wa miaka mitano. Lakini hakuna hata siku moja aliyofundishwa namna ya kusimama mbele ya watu mia tatu wenye hasira na kuwaambia: fedha hazijaja, sababu ni hii, kilo zenu ni hizi, na nitarudi siku fulani hata kama sina khabari mpya. Kwa kuwa hakufundishwa, naye akafanya wafanyavyo wengi. Hakwenda. Na asipokwenda ofisa, huenda uvumi.

Mimi naona hapo ndipo palipo utawala. Makaratasi ya mpango wa miaka mitano yana kazi yake, siyadharau; lakini mtumishi aliyeweza kusoma kilo za watu hadharani angalifanya wema mkubwa zaidi mwaka ule bila ya kugharimu senti.

Wala msidhani kuwa nchi hii haina vyuo. Mzumbe ilianzishwa mwaka 1953, katika zama za Waingereza, iwe skuli ya serikali za mitaa, na waliofundishwa pale walikuwa machifu, madiwani na watumishi wa mabaraza yao. Sisemi Waingereza walifanya hivyo kwa mapenzi. Walikuwa na haja zao. Lakini angalieni kwamba walianza na watu walio karibu na wananchi. Mwaka 1972 ikaja siasa ya Madaraka Mikoani, halmashauri zikavunjwa, maofisa wa Serikali Kuu wakapelekwa mikoani, na mwaka huo huo Mzumbe ikafanywa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo. Halmashauri zikarudi mwaka 1984, na wengi katika waliozirudia ilibidi waanze upya. Chuo cha Utumishi wa Umma kikaundwa mwaka 2000. Taasisi ya Uongozi ikafuata mwaka 2010, nayo ni ya viongozi wa juu khasa. Watumishi wa halmashauri wana chuo chao Hombolo, Dodoma. Na sisi huku tunacho Chuo cha Utawala wa Umma, Tunguu. Vyuo havikosekani. Ila jinsi mtu alivyo mdogo kwa cheo, ndivyo mlango wa chuo ulivyo mbali naye. Mtendaji wa kijiji cha Meatu na karani wa kituo cha karafuu wako mwisho wa foleni.

Pia yako mambo ya fomu. Tangu 2004 watumishi walikuwa na ule mfumo wa OPRAS, ambao mtu na mkubwa wake waliandikiana malengo ya mwaka, na mwisho wa mwaka wakapimana. Mwaka 2023 ukaja mfumo mwengine wa kompyuta kushika nafasi yake. Wazo ni zuri. Lakini katika karatasi zile alitia sahihi mtumishi, akatia sahihi mkubwa, na mkulima aliyehudumiwa hakuwa na mahali pa kutia hata dole gumba.

Na tusichanganye mafunzo na cheti. Mwaka 2017 Serikali ilipohakiki vyeti iliwakuta watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi; kuwaondoa ilikuwa haki. Lakini katika zama hizo hizo waliondolewa na watumishi wa darasa la saba, wakiwamo watendaji wa vijiji waliokuwa kazini miaka mingi, na mwaka 2018 ikabidi Serikali iwarudishe wale walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004. Mtu wa darasa la saba ajuaye kila mpaka wa kijiji chake na kila ugomvi wa mashamba hana haja ya kufukuzwa. Ana haja ya kufundishwa wiki tatu.

Nirudi Simiyu kidogo, maana iko khabari moja ya kupendeza. Tangu mwaka 2016 mkoa ule, chini ya Mkuu wa Mkoa Bwana Anthony Mtaka, ulishika mwendo wa "wilaya moja, bidhaa moja, kiwanda kimoja". Maswa vijana wakatengeneza chaki za skuli. Meatu wakasindika maziwa. Nchi nzima ilisikia. Wengi walitazama mashine. Mimi nilimfikiri ofisa wa halmashauri. Mtu aliyezoea kuandika kumbukumbu za vikao na kujaza fomu za manunuzi, leo aambiwa awasaidie vijana kupiga hesabu ya gharama ya boksi moja la chaki, atafute soko, ajue lini wanapata faida na lini wanakula mtaji. Hiyo ni kazi nyengine kabisa, na chaki haijui cheo cha mtu. Mtumishi anapopewa kazi mpya bila ya kufundishwa, huwa tunamkomoa yeye na tunawakomoa wale vijana.

Sasa tuje kwetu. Miaka kadhaa nyuma nilipeleka karafuu zangu katika kituo kimoja; hakina haja ya kutajwa. Karani akazishika, akazinusa, akasema hazikukauka. Nikamwuliza zipungue nini. Akasema, "Rudi nazo kesho." Kesho yake nikarudi nazo baada ya kuzianika upya, akasema mkubwa hayupo. Siku ya tatu mkubwa akaja, akazitazama kidogo tu, akasema zipimwe. Siku mbili zikapotea, na gari nikalilipa mara tatu. Nilikasirika sana na yule karani. Siku hizi simkasirikii kama zamani. Hakupata kufundishwa kunieleza sababu, na hakupewa ruhusa ya kuamua. Kumbe wa kwenda chuoni walikuwa wawili: karani ajifunze kazi, na mkubwa ajifunze kumwachia karani kazi. Hili la pili ndilo gumu zaidi, kwani wakubwa wengi hudhani ofisi ikienda bila ya wao, basi wamekwisha.

Ninalolipendekeza kwa chama chetu ni hili. Tuwaombe wanaohusika kwamba kabla ya msimu kufunguliwa, wakati karafuu bado ni changa na makarani wana nafasi, mafunzo yafanywe pale pale kituoni, si hotelini mjini. Mizani iwepo, jamvi liwepo, karafuu za kila daraja ziwepo, na mwalimu kutoka chuoni aje akae juu ya gunia kama sisi. Wakulima wawili au watatu wa shehia waalikwe, wasije kuhutubia, waje kuwa wateja: mmoja alete karafuu mbichi makusudi, karani afundishwe kumkatalia kwa adabu, kwa sababu, na kwa maandishi. Mwisho wa msimu wakulima wale wale waulizwe lipi limebadilika. Sheha na bwana shamba nao wasisahauliwe. Wao ndio watu wa kwanza kuulizwa na wa mwisho kuambiwa.

Najua nitajibiwa mawili. La kwanza, kwamba mafunzo yasipokuwa na posho watu hawaji. Mimi nasema afundishwaye kazi yake mahali pa kazi yake, katika saa za kazi, anao mshahara. Apewe chakula cha mchana na nauli akitoka mbali, yatosha. La pili ni zito zaidi: karani akishafundishwa huhamishwa, na anayekuja hajui kitu. Hili ni kweli, na nimeliona Bariadi kama nilivyoliona huku. Kwa hiyo yaliyofundishwa yaandikwe kwa Kiswahili chepesi na herufi kubwa, yabandikwe ukutani karibu na mizani, mkulima ayasome na karani mgeni ayasome. Mikataba ya huduma kwa mteja iliyobandikwa katika ofisi nyingi imeandikwa kwa lugha ambayo mteja hupita tu.

Wako wanachama watakaosema kazi ya kuwafundisha watumishi wa Serikali si yetu. Labda. Lakini gari nililipa mimi mara tatu, na yule mzee wa Ntuzu alingoja yeye.

Nimekwisha kumpa Katibu wa tawi letu shauri hili kwa maandishi ili liingizwe katika mkutano wa matawi ujao. Mwenye la kuongeza au la kupunguza ampelekee kabla ya siku hiyo, na mwenye daftari la siku alizorudishwa kituoni msimu uliopita, tafadhali aje nalo.