Hesabu za Shule Ziwe Wazi

Tangu mwaka 1997, Serikali ya Uganda hutoa ruzuku kwa shule za msingi kwa kadiri ya idadi ya wanafunzi. Shule za Arua na Koboko nazo zimo.

Yaliyopita yametufunza. Uchunguzi ulibaini kuwa kati ya mwaka 1991 na 1995 shule za Uganda zilipata wastani wa asilimia 13 tu ya ruzuku zilizostahili kupata, mishahara ikiwekwa kando. Sehemu kubwa ilikwama mikononi mwa maofisa wilayani. Fedha zilipoanza kutangazwa magazetini na kubandikwa shuleni, hali ikawa nafuu.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutimiza wajibu wake, lakini hufika fedha zikiwa zimekwisha kutumika. Mzazi yupo kila siku. Ndiye ajuaye kama chaki zimenunuliwa na kama wanafunzi walioandikwa daftarini wanaonekana darasani.

Kwa hiyo, twawahimiza walimu wakuu wabandike hesabu za kila muhula kwa Kilugbara, Kikakwa au Kiswahili, na kamati za shule zidai risiti bila woga. Mali bila daftari hupotea bila habari, na anayepotelewa hapa ni mtoto.