Pimeni Maji Kabla ya Kuchimba, Si Baada ya Watu Kuugua

Ukisikia urani inatajwa Migori na Homa Bay, usikimbilie kuuliza "tutapata pesa ngapi?" Uliza kwanza: nani amepima?

Vilima vya Ruri na Mlima Homa ni mabaki ya volkano za kale. Miamba yake ina thoriamu na urani, na wanasayansi wamepima huko mionzi ya asili iliyozidi kawaida. Hapo ndipo penye mtego. Kampuni ikichimba na visima vikaharibika, itajitetea hivi: "Mionzi hii ilikuwepo tangu enzi za babu zenu." Kama serikali haina vipimo vya kabla ya mgodi, kisima kwa kisima, utaijibu na nini mahakamani?

Na urani si dhahabu. Ukishaitoa, takriban asilimia 85 ya mionzi hubaki kwenye kifusi. Mvua ikinyesha Nyatike, maji yanaingia Mto Kuja, na Kuja unamwaga Ziwa Victoria. Samaki huyo unamla wewe.

Eti tuamini ripoti ya athari za mazingira? Kwa sheria ya 1999, ripoti hiyo hugharamiwa na mwenye mradi. Yaani mtahiniwa anamlipa msahihishaji! Ndiyo maana tunalipa kodi kuwa na NEMA, na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Kazi yao isiwe kupiga muhuri tu.

Wasiotuamini waulize Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwatia watu sumu ya risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, NEMA ikiwa miongoni mwa waliobebeshwa lawama. Rufaa ikafuta 2023. Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Miaka yote hiyo, na hakuna fidia inayomrudishia mtoto akili iliyoharibiwa na risasi.

Kwa hivyo tunadai: maji, udongo na samaki vipimwe sasa. Matokeo yabandikwe kwa chifu, kwa Dholuo na Kiswahili, kando ya kiwango cha WHO cha mikrogramu 30 za urani kwa lita ya maji. Na wakazi wapeleke sampuli kwa maabara ya pili wanayoichagua wenyewe. Huo si msaada. Ni Kifungu cha 35 na cha 42 cha Katiba.

Wakikuita kikao cha maoni, usipige makofi. Simama uulize: "Vipimo vya kisima chetu viko wapi?" Hakuna vipimo, hakuna kuchimba.